Mkulima Aliyepeleka Kreti Tupu Milangoni

Mama mmoja wa Kikongo anayekaa Castle Vale alinipigia simu Jumatatu asubuhi, akanisalimia salamu ndefu kupita kiasi. Aliuliza hali ya mke wangu, akauliza watoto, akauliza mgongo wangu unaonisumbua tangu nianze kuendesha basi, akauliza kama kwetu Morogoro mvua imenyesha, kisha akarudi tena kwa mke wangu. Mtu aliyekulia katika lugha yetu anajua kwamba salamu zikianza kuzunguka hivyo, kuna jambo zito linatafutiwa mlango. Nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia, "Sema tu, mama." Akasema, "Papa wa shamba ametuacha. Ni jana asubuhi. Alikuwa anavaa bottes ya mpira ya kwenda kuangalia vitunguu, moyo ikasimama. Donc, hatuko naye tena." Nilibaki na simu mkononi na machozi yakanitoka, mimi ambaye kwa miaka yote ya kujuana kwetu sikuacha kugombana na mzee yule.

Wasomaji wangu wa hapa Birmingham huenda mmewahi kumwona bila kujua ni nani: mzee wa Kisingasinga mwenye kilemba cha rangi ya machungwa na viatu vya mpira hadi magotini, akiendesha gari jeupe la mizigo lililojaa matope huku akimpigia honi kila mtu. Alizaliwa Nakuru, baba yake akiwa seremala wa reli, katika zama ambazo Mhindi angeweza kuwa na duka au karakana, lakini mashamba mazuri ya kule juu yalikuwa ya mzungu peke yake. Utotoni, aliniambia, alikuwa akisimama kwenye uzio wa reli kutazama mahindi ya watu, na baba yake akimkemea kwamba macho hayalimi. Akaja huku akiwa kijana, akaingia kiwanda cha vipuri vya magari, akazeekea humo. Shamba alilipata uzeeni, tena la kukodi, eka chache nje ya jiji ukishaipita Kingstanding, akalilima na mkewe na mke wa mwanawe. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji ya Nakuru, hakina tafadhali wala samahani, na alikitumia kwa furaha kwelikweli kila alipompata wa kumjibu.

Utaratibu wa shamba lake ulikuwa rahisi. Hakuuza dukani wala sokoni. Familia ilijiunga uanachama, ikalipia msimu kabla mbegu haijaota, na kila wiki ikaletewa kreti ya kijani yenye chochote shamba lilichotoa wiki ile. Shamba likipata, mnapata nyote. Likikosa, mnakosa nyote. Wanachama walikuwa mchanganyiko wa ajabu: familia za Kikongo za Castle Vale, wauguzi wa Kikenya waliopanga Winson Green, wazee wa Kiingereza wa Kingstanding ambao bado wanakumbuka ladha ya kiazi kilichotoka ardhini jana. Mimi sikujiunga, niliunganishwa. Mke wangu alionja sukuma wiki ya mzee kwenye harusi moja, akarudi nyumbani akiwa ameshatoa jina letu bila kuniuliza, na kuanzia hapo mimi mtu wa nyama nikawa mtu wa kula majani.

Sasa, mtu ambaye hajalima Uingereza hudhani majira ya kuchipua ndiyo majira ya kushiba. Maua ya manjano yamejaa kando ya barabara, vitoto vya kondoo vinarukaruka, redio haiishi kusifu jua. Usidanganyike. Kwa mkulima wa mboga, mwezi wa nne na wa tano ndiyo miezi ya ukame wa kreti. Mavuno ya vuli yamekwisha ghalani, viazi vilivyobaki vimeota macho, vitunguu vimelainika, sukuma wiki imetoa maua na kuwa chungu, na kile kilichopandwa kipya bado ni miche ya ukubwa wa kidole chini ya banda la nailoni. Sisi tuliotoka kwetu hatukupaswa kuelezwa jambo hilo, maana kwetu pia njaa hukaza hasa pale mahindi yanapopendeza kwa kijani chake na bado hayajabeba. Lakini tumekaa huku, tumezoea supamaketi ambako nyanya haina mwezi wake, na tukasahau.

Mwaka wake wa kwanza wa kilimo, pengo hilo lilimkuta vibaya. Mwenye ardhi, mkulima mzee wa Kiingereza, alikuwa amempa mwaka mmoja tu wa majaribio. Alikuwepo mtu mwingine aliyeitaka ardhi ile ili afuge farasi wa kupandwa na watoto wa wenye nazo, na makubaliano yalikuwa wazi: kiangazi kikiingia na wanachama wamekimbia, shamba linakwenda kwa farasi. Mkewe akaona njia. Twende soko la jumla alfajiri, akasema, tununue karoti na kabeji za Uhispania, tujaze kreti, miezi hii ipite. Karoti haina pasipoti, nani atajua? Mzee akakataa katakata. Ugomvi wao nilisimuliwa baadaye na wote wawili, kila mmoja akijipa ushindi, kwa hiyo nadhani ninao kamili.

"Sikiza, mama," alimwambia mkewe. "Mimi nikiweka karoti ya Spain, mtu atakula, atashukuru shamba. Shamba gani? Hiyo ni shukrani ya kuiba."

"Basi usipeleke kitu. Tuma meseji, sema wiki hii hakuna mboga."

"Hapana. Kreti nitapeleka."

"Kreti ya nini?"

"Kreti ya hakuna."

Mkewe alimwambia kwamba atawaaibisha mbele ya watu weusi, weupe na wa rangi zote zilizopo katikati. Akaenda hivyo hivyo. Alizunguka jiji zima na gari lililojaa kreti tupu, akabisha mlango mmoja mmoja. Muuguzi mmoja wa Winson Green, binti wa Kikenya aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alimfungulia akiwa na taulo kichwani. "Weh! Mzee, ume-drive from shamba mpaka hapa kuniletea box iko empty? Si ungeni-flash tu?" Kwangu alifika jioni, njaa imenibana, nimeshawaza mboga yoyote pembeni ya nyama yangu. Nikaipokea kreti, nikaona wepesi wake.

"Mzee, umesahau kuweka mboga."

"Sijasahau. Shamba haina kitu wiki hii. Nimekuja kukuambia kwa mdomo yangu."

"Si ungepiga simu?"

"Simu inaficha sura. Wewe umelipa mbele, haki yako kuona sura yangu."

Nilimwambia maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapa. Aliyasikiliza mpaka mwisho, bila kujitetea, kisha akauliza kama kuna chai. Mke wangu akampa kiti. Akanywa, akasifu tangawizi, akatueleza mche hadi mche kilichoko ndani ya banda la nailoni na lini tutakila Mungu akijalia, halafu akaondoka akiwa na milango mingine ya kubisha hodi. Nilipofunga mlango hasira ilikuwa imeniishia, na jambo hilo likanikasirisha upya.

Hapo ndipo ulipoingia utamaduni ambao kitabu cha kilimo cha Kiingereza hakiujui. Kwetu, mtu akikuletea kitu katika chombo chake, chombo hakirudi kitupu. Sahani ya jirani iliyokuja na sambusa itarudi na hata ndimu mbili. Tangu wajiunge, kina mama wa Castle Vale walikuwa wakizirudisha kreti za shamba na kitu ndani, kikombe cha unga, ndizi za kukaanga, kipande cha sabuni. Mke wa mwana wa mzee, aliyezaliwa hapa hapa na kufundishwa kwamba kreti huachwa mlangoni ikiwa tupu na safi, alidhani watu wanasahau vitu vyao. Akawa anazunguka kuvirudisha, tena anaomba radhi kwa usumbufu! Mama yule aliyenipigia simu aliumia sana siku aliporudishiwa maharagwe yake mwenyewe. Akamwendea mzee juu kwa juu: "Papa, mutoto yako amekataa chakula yangu. Nilimukosea nini?" Mzee alicheka mpaka kilemba kikamlegea, akamkalisha mkwewe chini na kumfundisha.

Basi kreti tupu zilipofika Castle Vale, ukazuka mjadala mzito baada ya ibada. Wengine walisema hakuleta kitu, kwa hiyo hatudaiwi kitu. Mama yule wa maharagwe akasimama. "Mutu amekuja mpaka ku-mulango," akasema. "Alileta mwili yake na haya yake. Siwezi rudisha kitu ya mutu bule, quand même!" Wiki iliyofuata kreti zilirudi shambani na ndagala wakavu, yaani dagaa, unga wa muhogo, maharagwe. Wale wauguzi waliweka chapati. Mke wangu aliweka mchele wetu wa Kyela bila kuniuliza, kama kawaida yake. Na mzee, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kitu kiharibike, akavigawa vyote kwenye kreti za wiki ile, kila mwanachama akapata alichotoa mwenzake. Ndivyo bibi mmoja wa Kiingereza wa Kingstanding alivyojikuta na pakiti ya ndagala wenye vichwa na macho yao. Alimpa paka kwanza. Paka akapagawa. Bibi akaonja mmoja juu ya mkate wa kuchoma, akafikiri, akaonja mwingine, na mzee alipopita tena akamuuliza kwa adabu zote msimu wa ndagala shambani kwake huisha lini. Naye kreti yake akairudisha na chupa ya jamu ya rubabu, ile mboga ya mashina mekundu, kali kama ukwaju, ambayo Waingereza huipika na sukari wakaiita tunda.

Sitawadanganya kwamba wote walibaki. Wapo waliokasirika wakaondoka, na haki yao. Waliobaki walitosha. Kiangazi kilipoingia, mwenye ardhi alikuja kuhesabu wanachama akakuta kina mama wa Kikongo wamemzunguka yule bibi wa Kingstanding, wakimfundisha kwa mikono ni magugu gani hayang'olewi kwa sababu yanaliwa, yeye akiwafundisha ni yapi yataua mbuzi. Farasi wakatafutiwa pengine.

Miaka ilipita kabla sijamuuliza kwa nini hakutuma ujumbe tu kama mtu mwenye akili zake. Ilikuwa tena mwezi wa nne, tumeinama tunapandikiza vitunguu, kazi ambayo nilijikuta naifanya kila mwaka huku nikiapa ni ya mwisho. Akaniambia kwamba kiwanda kilipompunguza hakumwambia mtu. Kila asubuhi mkewe alimfungia chapati na achari, naye akatoka nyumbani saa za zamu yake. Alikuwa anakwenda Winson Green, kwenye bustani ya kukodi ya mtu aliyewahi kufanya naye kazi, nyuma ya zile nyumba za safu, pale unapoona ukuta wa jela. Analima ili apate joto na ili siku ipite. Jioni moja mkewe akamshika mkono mezani, akatazama kucha zake, akamuuliza, "Siku hizi kiwandani mnalima?" Alitaka kutunga uongo mwingine, akashindwa, akalia mbele ya sahani.

"Nilidhani atakasirika kwa sababu ya kazi," aliniambia. "Kazi hakuuliza hata. Alisema, miezi hii yote umeniacha peke yangu, na mimi nadhani niko na mume. Hiyo ndiyo iliniua, bwana. Tangu siku hiyo nikasema, kitu kikiwa tupu, mimi nitaonyesha tupu." Kisha akanikemea kwamba vitunguu vyangu nimevizika badala ya kuvipanda.

Nimelifikiria sana neno lake wiki hii, kwa sababu nawajua watu wangu. Sisi tuliokuja mbali tuna kipaji cha kujaza kreti kwa karoti za Uhispania. Tunanunua kadi ya simu, tunapiga nyumbani, tunasema huku mambo safi kabisa, na sauti haitetemeki. Tunavaa suti kali kwenda kanisani na kwenye sherehe, tunaahidi mchango wa harusi tusioujua utatoka wapi. Mwaka huu, ambapo kila ukifungua gazeti kuna kiwanda kimefunga na hata benki zimepiga magoti, naona kwenye basi langu wanaume wanaopanda asubuhi na kushuka vituo ambako najua hakuna kazi. Siwaulizi. Nayo supamaketi tumeyapenda, nadhani, kwa sababu rafu zake hazikiri kamwe kwamba hazina. Lakini rafu ile huwezi kuikasirikia, huwezi kuipa chai, na siku ikifungwa hakuna atakayekupigia simu yenye salamu ndefu.

Tulimsindikiza kwenye tanuri la kuchomea maiti kama dini yake inavyotaka, kisha tukala chakula cha wote kwenye hekalu lao, tumeketi chini sakafuni, mchungaji wa Kikongo upande mmoja wangu na bibi wa Kingstanding upande mwingine, magoti yake yakilalamika kwa sauti. Mjane wake aliwapokea wageni bila chozi hata moja, akiuliza kila mtu kama ameshiba. Jumamosi iliyofuata akatuita wanachama shambani. Mwenye ardhi naye alikuja, akasimama getini na kofia mkononi, na sote tulijua alichokuja kuuliza, maana wenye farasi hawakosekani. Miche ya vitunguu ilikuwa imejaa kwenye trei nje ya banda, imeshapita siku zake za kupandikizwa.

Mjane alijifunga mtandio mweupe, akasimama mbele yetu. Kiswahili chake ni cha Kisumu, laini kuliko cha mumewe, nacho ndicho alichoanzia. "Nawashukuru sana kwa kuja. Msiwe na wasiwasi. Shamba litaendelea kama kawaida, kila kitu kiko sawa, kreti zenu mtapata." Tukaitikia kwa vichwa. Baadhi walikuwa wameshaanza kuinua mikono kupiga makofi. Akaitazama ile miche, trei kwa trei, mpaka mke wa mwanawe, aliyembeba kichanga mgongoni, akapiga hatua kumwendea.

"Hapana," akasema. "Nasema uongo. Hakuna kilicho sawa. Kupanga mbegu alijua yeye. Mkwe wangu ana mtoto mchanga, na mimi mgongo umekwisha. Peke yangu siwezi." Akageuka kumtazama mwenye ardhi, akayarudia maneno yale yale kwa Kiingereza ili naye asikie. Huyu ndiye mama aliyeona haya ya kreti tupu, aliyetaka karoti za Uhispania. Nilitazama viatu vyangu. Hakuna aliyejua pa kuweka macho.

Mama wa Castle Vale alivua koti lake la kutokea, akamkabidhi mchungaji kana kwamba ni msumari wa kutundikia nguo, akajifunga kitenge kiunoni. "Mama," akasema, "na nani alisema uko peke yako? Tuonyeshe ile vitunguu tupande." Hapo ndipo mjane alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kilio cha sauti, na kina mama wakamshika huku na huku. Sisi wengine tukaingia shambani. Tulipanda ovyo, mistari imepinda, muuguzi wa Winson Green na viatu vyake vyeupe vya kazini, mimi na mgongo wangu, mchungaji akiwa bado na koti la mwanamke begani. Mwenye ardhi alikaa getini kitambo akitutazama. Kisha akavaa kofia yake, akaja, akauliza trei zilizobaki ziko wapi. Jioni alimwambia mjane kwamba mkataba unaendelea.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tumelisema sana bila kulitenda. Nami nimelijifunza uzeeni, kwa Singasinga wa Nakuru na mkewe wa Kisumu, kwenye matope ya Uingereza. Kama wiki hii huna kitu, ndugu yangu msomaji, nenda ukamwambie mtu wa karibu nawe, uso kwa uso, kabla hajakushika kucha. Huenda atakutukana kwanza, kama nilivyofanya mimi. Vumilia, usikie mpaka mwisho, uombe chai. Mjane yule angeishia kwenye maneno yake ya kwanza, yale ya kila kitu kiko sawa, sote tungempigia makofi kwa ushujaa wake, tungempa mkono, tungepanda magari yetu kurudi nyumbani, na leo pale wangekuwa wanakimbia farasi.